Mjane wa Jenerali

Nina nyumba ndogo ya wageni huku Kiponda, Mji Mkongwe, na biashara yangu yote inapita kwenye barua pepe, ambayo kampuni inayonihudumia (jina lake nalisitiri) hujisifu kwamba ina chujio lenye akili. Mjane wa jenerali mmoja, aliyeachiwa mamilioni ya dola na anayetafuta mtu mwaminifu wa kumhifadhia, huingia kikashani mwangu kila asubuhi bila kupiga hodi, ilhali wateja wangu halali hutupwa kwenye folda ya barua taka.

Ndivyo alivyofanyiwa Mjerumani mmoja aliyetaka chumba. Maskini, aliandika kistaarabu, akaambatisha risiti ya benki na kuniomba nimjibu haraka. Lakini machujio haya huzipima barua kwa alama, na nadhani fedha, kiambatisho na haraka vilipokutana katika barua ya mtu asiyewahi kuniandikia, likamhukumu kuwa ni tapeli.

Jioni boti ya Dar es Salaam ikafunga gati Malindi, na muda si muda nikasikia hodi. Mlangoni alisimama Mjerumani, mkewe, watoto wawili na hamali anayedai ujira wake. Chumba pekee kilichobaki kilikuwa na shangazi yangu, aliyekuja harusini kutoka Wete na pakacha la machungwa. Nikaifungua folda ya taka mbele ya mgeni: barua yake ilibanwa baina ya bahati nasibu nisiyoicheza na tangazo la dawa ya kuotesha nywele. Mjerumani, ambaye ana upara, alilisoma tangazo lile kwa makini kuliko nilivyotarajia.

Shangazi akahamia ukumbini na pakacha lake, kwa manung'uniko.

Nilipolalamika, kampuni ilinijibu kwa roboti kwamba nibonyeze “Si taka” ili chujio lijifunze. Barua taka ya kwanza inayojulikana ilitumwa Marekani mwaka 1978, kwa watu wapatao 400, kutangaza kompyuta. Kama ni kujifunza, muda wamekuwa nao. Mimi nimebonyeza, na juzi Mjerumani kaniandikia shukurani, nimeikuta takani.

Shangazi, ambaye harusi imekwisha na yeye hajaondoka, akataka kujua ninagombana na nani. Nikamsomea barua ya mjane. Akasikiliza hadi mwisho, akavua miwani.

“Mwanangu, huyo mumewe kafa lini, hata awe anawaandikia wanaume wa watu kila asubuhi? Eda kaimaliza?”