Hisa isiyouzika ndiyo inayogombanisha ndugu

Joram Kamau na Peter Mukuha Kago walikuwa ndugu, watu wa Rongai, Nakuru. Kila mmoja alifungua duka lake. La Kamau likakua mikononi mwa wanawe likawa Tuskys, la Kago likawa Naivas, yote mawili makampuni ya maduka makubwa. Biashara ilikuwa ile ile, walikotoka ni kule kule, na baba walipofariki watoto wa kila upande walifikishana mahakamani wao kwa wao. Leo Naivas ina matawi zaidi ya 100 nchini Kenya. Tuskys, iliyokuwa na zaidi ya 60 mwaka 2020, ilifunga moja baada ya jingine, na wasambazaji waliachwa wanadai mabilioni.

Wanaoamini kwamba ya nyumbani yamalizwe nyumbani wanaishika Tuskys kama ushahidi. Mwaka 2012 mmoja wa ndugu alikwenda mahakamani akidai Sh1.64 bilioni za Kenya zimechotwa ndani ya kampuni. Ndugu waliotuhumiwa walikanusha, lakini habari ilikwishatoka. Tangu hapo kila aliyekuwa akiwapa unga au sabuni kwa mkopo alijua wenye duka hawaelewani. Naivas nayo haikusalimika: mwaka 2013 Massmart ya Afrika Kusini ilipotaka kununua sehemu kubwa ya kampuni, mmoja wa ndugu alidai mahakamani asilimia 20, na mazungumzo yakavunjika.

Hoja yao ina uzito. Kikao cha wazee hakina ada ya wakili wala mwandishi wa habari mlangoni. Wazee wanajua nani alimsomesha nani, nani aliacha shule akauze dukani ili wengine wasome. Hayo hayamo kwenye fomu za msajili wa makampuni, lakini ndiyo yanayowaka moyoni. Na hukumu ikishatoka, waliopelekana kortini bado watakutana msibani.

Sasa kaa ndani ya kikao chenyewe. Mzee anayeongoza mara nyingi ada za wajukuu wake zinatoka kwenye duka hilo hilo. Kaka mkubwa anazungumza kwanza na kwa muda mrefu. Dada aliyeolewa anaambiwa avumilie, mjane wa ndugu anaambiwa asubiri watoto wakue. Anayelalamika kwamba hajaona gawio, yaani fungu lake la faida, miaka yote anajibiwa kwamba biashara ni ngumu, na hakuna anayeleta taarifa ya benki ili watu waone ugumu wenyewe. Mali bila daftari huisha bila habari, wahenga walisema. Wazee wanaweza kumtaka mtu aombe radhi. Kumlazimisha afungue hesabu hawawezi.

Mahakama inaweza, na hapo ndipo upande wa pili, wa wanaosema twende kortini, unaposimama imara. Sheria ya Kampuni ya Kenya ya mwaka 2015, kifungu cha 780, inamruhusu mwanahisa anayeona kampuni inaendeshwa kwa namna inayomwonea kwenda kulalamika. Tanzania tunayo kama hiyo katika Sheria ya Kampuni ya mwaka 2002, kifungu cha 233. Jaji anaweza kuamuru nyaraka ziletwe, na kaka mkubwa hapigi meza mbele ya jaji.

Gharama yake inawaangukia hata wasiohusika. Kuna methali isemayo ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, wakipatana chukua kapu ukavune. Ni ushauri mzuri kwa jirani. Msambazaji anayedai malipo ya miezi mitatu hana shamba la kwenda kulima. Anachoweza ni kukataa kuleta mzigo mpaka alipwe taslimu. Rafu zikianza kuwa tupu, mteja anavuka barabara, na kesi haijafika hata kusikilizwa.

Kwa hiyo nani yuko sahihi, wazee au jaji? Naona wanaobishana hivyo wamelikosa swali lenyewe. Soma vifungu hivyo mpaka mwisho utakuta kwamba nafuu mojawapo kubwa ambayo mahakama inaweza kutoa ni kuamuru hisa za mlalamikaji zinunuliwe. Yaani baada ya mawakili na viapo, mnaweza kurudi pale pale ambapo mngeanzia: hisa zake ni za shilingi ngapi, nani ananunua, atalipa lini.

Ndiyo maana nasema chanzo cha moto mara nyingi ni hisa isiyouzika. Mwanahisa wa kampuni iliyo kwenye soko la hisa akichoka na uongozi anauza, anaondoka. Mwenye asilimia 15 ya kampuni ya familia hana wa kumuuzia, gawio halioni, na kazini hayupo. Kwenye karatasi ni tajiri, mfukoni hana kitu. Silaha pekee aliyobaki nayo ni kuzuia: asitie saini mkopo, asikubali mnunuzi, aende kortini. Tunamwita mkorofi, lakini tumemwachia njia gani nyingine? Mirathi, iwe ya Kiislamu au ya kiserikali, inatosha kugawa umiliki. Haisemi nani akae ofisini, wala aliye nje ya ofisi atatokaje.

Tazama Naivas tena. Mwaka 2020 familia iliuza asilimia 30 kwa kundi la wawekezaji likiongozwa na Amethis ya Ufaransa. Mwaka 2022 kundi linaloongozwa na IBL ya Mauritius likachukua asilimia 40. Siwezi kusema mauzo hayo yaliponya nyoyo za watu. Lakini yalifanya jambo ambalo kikao hakiwezi: hisa zilipata bei ambayo mtu wa nje alikuwa tayari kuilipa kwa fedha halisi. Palipo na bei kuna cha kujadili zaidi ya nani baba alimpenda.

Kwa duka dogo hakuna haja ya Wafaransa. Wabia wawili wa vifaa vya ujenzi wanaweza kuandika tangu mwanzo kwamba kila mwisho wa mwaka watakubaliana thamani ya biashara na kutia saini. Tuseme mwaka huu ni Sh90 milioni. Mwenye asilimia 40 akitaka kutoka anastahili Sh36 milioni, na anayebaki anamlipa kwa miezi 24, Sh1.5 milioni kila mwezi. Wapo wanaotumia njia kali zaidi: mmoja anataja bei, mwenzake anachagua kununua au kuuza kwa bei hiyo hiyo. Anayetaja hathubutu kudanganya kwa sababu hajui ataangukia upande gani.

Njia hiyo ina ubaya wake, na wanaoipinga hawakosei. Inampendelea mwenye pesa. Mbia anayejua mwenzake hana akiba atataja bei ya chini, kwa kuwa anajua hatanunuliwa. Kutoka kwenyewe kunaweza kuichosha kampuni: ndugu wanne wakiamua kuondoka mwaka mmoja, mtaji wa kununulia mzigo ndio unaowalipa. Kwa hiyo mkataba unahitaji kikomo cha malipo kwa mwaka na mkadiriaji ambaye si swahiba wa upande wowote. Wala nisidanganye kwamba kuwa na bei kunaokoa kila kitu. Uchumi, kampuni nyingine ya maduka makubwa ya Kenya, ilikuwa kwenye soko la hisa la Nairobi, hisa zake zinauzwa mchana kweupe, na bado iliwekwa chini ya mrasimu, yaani msimamizi wa mali za kampuni iliyoshindwa kulipa madeni, mwaka 2006, kisha ikayumba tena miaka tisa baadaye. Nakumatt, mshindani wao, nayo ilizama kwa madeni. Kuna makampuni yanayouawa na upanuzi wa pupa, na ndugu wakapewa lawama isiyo yao.

Kikwazo kikubwa kuliko hivyo vyote ni mwanzilishi akiwa hai. Kumuuliza baba hisa zitauzwaje ni kama kumuuliza atakufa lini, na mtoto anayeuliza ndiye anayeonekana ana tamaa. Bora aulize mhasibu, siku ya kufunga hesabu za mwaka, wakati karatasi ziko mezani na kila mtu anatazama namba.