Bwawa Jipya la Halmashauri: Gharama Haziishii Kwenye Ujenzi

Mabwawa mengi ya kuogelea ya umma nchini Uingereza yalijengwa katika miaka ya 1960 na 1970, na halmashauri zinazoyamiliki sasa hazina budi kuamua kama zitayakarabati kwa mara nyingine, zitajenga mapya au zitayafunga. Bwawa la ndani huchakaa upesi kuliko jengo la kawaida, kwa kuwa joto, unyevu na mvuke wa klorini hula vyuma mahali ambapo jicho halifiki. Mwaka 1985, mjini Uster nchini Uswisi, dari ya zege iliporomokea bwawa na kuua watu 12, baada ya vyuma vilivyoishikilia kuliwa pole pole bila mtu kugundua. Kwa hiyo mhandisi akishasema jengo limefika mwisho, diwani anayeendelea kuomba viraka ili kusogeza mbele uamuzi anachezea roho za watu.

Hata hivyo, hoja ya wanaopinga kujenga bwawa jipya ni nzito. Sheria hailazimishi halmashauri kuwa na bwawa, ilhali inazilazimisha zile zenye dhamana ya ustawi wa jamii kuwahudumia wazee wasiojiweza na kuwalinda watoto walio hatarini. Halmashauri ya jiji la Birmingham ilitangaza Septemba 2023 kwamba mapato yake hayatoshi kulipia matumizi yake. Katika hali kama hiyo, mkazi anayeuliza kwa nini zikopwe mamilioni ya pauni kwa ajili ya bwawa, wakati kuna bibi kizee anayesubiri mtu wa kumwogesha nyumbani, hana roho mbaya, na anastahili kujibiwa kwa hesabu.

Jibu lenyewe linaanzia shuleni. Mtaala wa England unataka mtoto amalize shule ya msingi akiwa anaweza kuogelea mita 25, na wajibu huo haufutiki bwawa linapofungwa. Shule hulazimika kukodi basi hadi mji wa jirani, na sehemu kubwa ya kipindi huishia barabarani na katika vyumba vya kubadilishia nguo. Wenye uwezo watalipia klabu binafsi. Watakaokosa ni watoto wa wazazi wasio na gari.

Ugumu mkubwa zaidi, kwa maoni yangu, uko katika aina ya fedha. Mkopo wa ujenzi huingia katika fungu la maendeleo, lakini gesi, umeme, dawa za maji na mishahara ya waokoaji hutoka katika matumizi ya kawaida, mwaka hadi mwaka, na hapo ndipo mabwawa mengi yalipokwama bei ya nishati ilipopanda mwaka 2022. Serikali ilitangaza pauni milioni 63 mwezi Machi 2023 kusaidia vituo vyenye mabwawa, msaada wa maana, ila ulilenga gharama za uendeshaji na kupunguza matumizi ya nishati, si kujenga upya.

Halmashauri ya Exeter, mji wa kusini-magharibi mwa England, ilichagua njia nyingine. Kituo chake cha St Sidwell's Point, kilichofunguliwa Aprili 2022 kuchukua nafasi ya bwawa la zamani la Pyramids, kiligharimu zaidi ya pauni milioni 40, na ndicho cha kwanza cha aina yake nchini humo kujengwa kwa viwango vya Passivhaus, yaani kuta na madirisha yanayozuia joto lisipotee. Ni fedha nyingi kuziweka katika jengo moja la katikati ya mji, na malalamiko ya wanaoishi pembezoni yana msingi. Lakini angalau gharama za kupasha maji zilifikiriwa tangu kwenye michoro.

Ninaunga mkono kujenga upya, kwa masharti. Kabla ya kura, madiwani waonyeshwe marejesho ya mkopo pamoja na gharama za uendeshaji kwa muda wote wa deni, na kiingilio kwa wenye kipato cha chini kiwekwe bayana. Bwawa la zamani, iwapo bado ni salama, lisifungwe kabla jipya halijafunguliwa, kwa sababu ujenzi ukichukua miaka mitatu, mtoto aliyebakiza miaka mitatu atamaliza shule ya msingi bila kufundishwa kuogelea.