Ya ngisi nawahadithia mwenyewe, Mudi ameongeza chumvi

Najua wengi mmeshasikia ya Mudi. Kwamba nimefukuzwa hotelini Nungwi, kwamba nimelia mbele ya Wazungu. Uongo. Sikufukuzwa, na yale machozi yalikuwa ya pilipili. Yaliyobaki ni kweli, ndiyo maana nayasema kabla hajatoa sehemu ya pili.

Kwa mgeni hapa: mimi ni yule wa pweza pale kituoni, kibao kimeandikwa PROFESA WA PWEZA. Hicho kibao kishikeni, kitarudi.

Mke wangu alikuwa ananidai likizo ya Unguja tangu tuoane. Tukapanda boti, tukanywa urojo mjini, tukachukua daladala ya 116 mpaka Nungwi. Siku ya pili akasema leo tunakula wanakokula wenye pesa. Meza mchangani, mshumaa mmoja, nusu mwezi juu, menyu Kiitaliano kitupu. Mhudumu akaanza kunieleza, "Hii, baba, ina mikono, inapikwa na mchuzi mweusi..." Sikumngoja amalize. Mikono? Mimi uniambie habari za mikono? Lete! Dola 28, karibu elfu sabini, yaani vipande 140 vya mia tano kijiweni kwangu. Nilihesabu. Hesabu ndiyo itakayoniua, subirini.

Sahani ikaja, pana kama ungo, katikati kitu cha ukubwa wa ngumi ya mtoto, kimezama kwenye mchuzi mweusi tii. Nikasema huo ukwaju. Nikakata kipande cha pembeni, nikatafuna. Nikatafuna tena. Mke wangu kamaliza wali wake, mimi bado niko na kile kile. Kandambili, jamani.

Hapo uprofesa ukanipanda. "Niitieni mpishi."

Akaja dada mmoja wa Jambiani, mpole, kilemba cheupe. Nami nikasimama (kwa nini nilisimama?) nikatoa mhadhara, meza sita zinasikiliza. Pweza lazima apigwe kwanza, mpaka minyiri, hiyo mikono yake, ilegee kama kamba za viatu. Akiingia sufuriani usimmiminie maji, anatoa yake mwenyewe. Chumvi ngoja mwishoni. Funika, moto mdogo. Wa kilo moja mpe dakika hamsini mpaka saa nzima, halafu mchome kijiti pale mnyiri unapoungana na kichwa, maana ncha huwahi kulainika ikakudanganya. Kijiti kikizama bila kusukumwa, zima, muache apoe humo humo kwenye supu yake. "Huyu wako," nikamalizia, kidole juu, "hajakaa motoni hata nusu saa!"

Na kila neno hapo ni sahihi. Mnaopika nyumbani nakilini, hilo sitozi hela.

Yule dada akasubiri nimalize. Akasema kwa ile lafudhi yao ya kubembeleza: "Ahsante, baba. Hebu nihesabie mikono yake."

Nikachukua uma. Moja. Nikauvuta ukingoni mwa sahani. Mbili. Meza ya jirani wakaacha kula. Tatu, nne. Mtoto wa Kizungu akaanza kuhesabu na mimi kwa lugha yake. Tano, sita. Mke wangu kasimamisha simu, nikadhani anapiga picha bahari. Saba. Nane. Nikamtazama mpishi kama mtu aliyeshinda kesi.

"Nane!"

"Na huo uliojikunja huko chini?"

Nikachokonoa mchuzi. Mnyiri mrefu, mwembamba, ncha imetanuka kama kijiko. Tisa. Nyuma yake, umelala kwa adabu zote, mwenzake.

Kumi.

Ndugu zangu, pweza ana minane. Binti yangu wa chekechea anajua, nilimfundishia hesabu kwa pweza. Mwenye kumi ni ngisi.

"Ngisi," nikasema. Sauti haikutoka, midomo tu.

"Ngisi, baba. Na mchuzi ni wino wake." Kisha akaongeza, wala hakuwa na ubaya: "Tena wiki hii maji mafu. Pweza mbichi tungempata wapi?"

Hapo ndipo nilipozikwa. Nikatazama juu. Nusu mwezi, nimekaa chini yake saa nzima naukodolea macho. Mwezi ukiwa nusu ndiyo maji mafu: maji hayapwi sana, mwamba haukauki, akina mama hawashuki kuchokoa pweza mpaka bamvua, yale maji yanayokupwa sana, lirudi. Nami ndiye ninayegombana na watu soko la samaki la Feri kila maji mafu bei ikipanda!

Lakini haki yangu nipeni: yule ngisi alikuwa mgumu kweli, na dada mwenyewe alikiri. Ngisi ni dakika mbili kwenye kikaango cha moto mkali, au arobaini kwa moto mdogo. Katikati hapo ni mpira, na kijana wake alimwacha kumi. Kwa hiyo nililalamika hajaiva, kumbe alitakiwa kuepuliwa dakika nane kabla. Hili Mudi halijui, msimwambie.

Nikaomba radhi kwa tabasamu kubwa, nikalizungusha meza zote sita. Wakacheka mno, nikajua nimesamehewa. Tulipofika chumbani nikajiona kwenye kioo: meno meusi, fizi nyeusi, ulimi kama wa mbuzi aliyelamba masizi. Mhadhara wote niliutoa hivyo.

Tulilipa, na asilimia 10 ya huduma juu, kesho yake boti. Humo botini mke wangu akamtumia dada yake video. Dada yake ni mke wa Mudi. Mengine mnayo.

Leo nimefungua kijiwe. Mteja wa kwanza hakuagiza kitu. Aliinamia sinia, kidole mbele, anacheka chini chini: "Moja, mbili, tatu..."