Damu ipimwe, isikadiriwe kwa macho

Kuna makala inayosema akina mama wanaendelea kufa kwa kutokwa damu baada ya kujifungua kwa sababu wakunga hawajui miongozo mipya. Sikubaliani. Mkunga wa Temeke au Mbagala mwongozo anaujua. Kinachomkwamisha ni damu kukadiriwa kwa macho, na macho mara nyingi huona pungufu, hasa ikishanyonywa na khanga na pamba. Utafiti wa E-MOTIVE wa 2023, uliohusisha pia hospitali za Tanzania, ulionyesha kutokwa damu nyingi kupita kiasi, upasuaji na vifo vitokanavyo na damu hiyo, vikihesabiwa kwa pamoja, vikipungua asilimia 60 pale damu ilipopimwa kwa mfuko wa plastiki wenye alama na matibabu yote yakaanza pamoja: kukanda mji wa mimba, oksitosini (dawa ya kuubana mji wa mimba), asidi traneksamiki (dawa ya kusaidia damu kuganda) gramu 1 kwenye mshipa kwa dakika 10 (ndani ya saa 3 tangu kujifungua), dripu, na kutafuta chanzo. Mfuko uwekwe mtoto akishatoka. Ukiwahi, maji ya uzazi yanaingia na kipimo kinadanganya. Damu ikifika mililita 500 anza matibabu, au 300 kama mapigo ya moyo yamepanda au presha imeshuka. Kinachoniuma zaidi ni dawa kufungiwa stoo usiku, na oksitosini kuachwa mezani kwenye joto hili la Dar wakati inatakiwa nyuzi 2 hadi 8. Semina haitibu hilo. Liwepo boksi la dharura kando ya kitanda, likaguliwe kila zamu zinapopokezana. Wauguzi mliomo humu, mifuko hiyo kwenu inapatikana mwezi mzima?