Faili ya Baba Imo Kwenye Sistimu

Jamani niacheni niseme manake nikinyamaza ntapasuka. Jumatatu mie nimetoka Likoni saa kumi na mbili asubuhi, nimebanwa kwenye feri kama tende kikapuni, nawahi ofisi moja ya serikali hapa kisiwani Mombasa (siitaji, sura yangu washaijua) kutafuta faili ya marehemu babangu. Na nimeenda na raha zangu wallahi, si twaambiwa siku hizi kila kitu ni kompyuta, wataja jina tu faili yaibuka yenyewe kama hamri kwenye karai.

Nafika, kompyuta kweli ipo. Tena mpya, ile nailoni ya kiwandani bado haijabanduliwa kwenye skrini. Pembeni kuna skana kubwa imetandikwa kitambaa cha maua, juu yake thamosi ya chai na sahani ya mbaazi. Nkamuuliza dada wa kaunta, hii yafanya kazi? "Yafanya baba, ila aliyefunzwa kuitumia alihamishiwa Lamu."

Haya. Kaandika jina la baba, Abdalla. Hakuna. Katia h mwisho, hakuna. Nkamwambia hebu jaribu Abdulla, wakatoka kina Abdulla wa kujaza matatu mbili na babangu hayumo, manake kitambulisho chake kiliandikwa hivi, cheti cha kifo kikaandikwa vile, na huyo aliyekuwa akiingiza majina kwenye mashini yeye aliandika alivyosikia, basi, Mombasa hii ukitafuta mtu kwa Abdalla peke yake ni kama kutafuta samaki kwa jina la samaki. Nambari ya faili ndiyo ingetusaidia, lakini nambari iko juu ya faili.

Twajaribu mara ya nne, stima ikapotea. Pap. Feni ikasimama, na joto la Februari mwalijua. Naambiwa ile betri ya kushikilia kompyuta ilikufa, "tushaandika barua Nairobi." Barua! Ya karatasi! Yaomba betri ya mashini iliyoletwa kumaliza karatasi. Mama mmoja nyuma yangu akacheka, ati wewe shukuru ni stima, mie mwezi wa saba 2023 wadukuzi walipoivamia eCitizen, ule mtandao wa kulipia huduma za serikali, nilikuwa nimeshika begi nataka kupanda treni ya SGR na tiketi hazilipiki.

Ndo akatokea mzee wa masjala. Kofia ya viua, miwani imefungwa uzi. Akaniangalia weee, halafu, "Babako si yule wa bandarini, aliyegombana na jirani ukuta?" Mie nywele zikasimama. Nkamfuata ndani. Yakhe, hicho chumba! Mafaili toka sakafuni mpaka darini, mengine kwenye magunia, dirisha lavuja chumvi ya bahari mpaka klipu zimeota kutu zikatoboa karatasi. Nkamuuliza, mbona yasichomwe haya ya kitambo? Akanitolea macho kama nimetukana. Sheria ya nyaraka iko tangu 1965, haichomwi karatasi ya serikali mpaka mkurugenzi wa nyaraka za taifa atoe ruhusa, na ili aombwe ruhusa lazima kuwe na orodha ya vilivyomo, na orodha haijaandikwa. Kwa hivyo hawatupi, na hawaskani, manake waanze na gunia lipi? Hapo ndipo mie nilipowaelewa kidogo, kidogo tu. Waliletewa mashini kabla ya mtu kuja kupanga kabati.

Dakika tatu, kwa tochi ya simu, mzee kaitoa. Faili ya baba! Panya wamekula kona, lakini saini yake iko, ile l ya pili yenye mkia mrefu. Nusra nilie. Nkamuuliza mzee, wewe wastaafu lini? Disemba. Na nani umemfunza pahali pa vitu? Akapiga kofia vumbi. "Hakuna aliyeuliza."

Narudi kaunta nimeikumbatia faili kama mtoto mchanga, nimeshinda, nataka kopi yangu nende zangu. Dada akaipokea kwa mikono miwili, akasema faili ikipatikana haitolewi kopi mpaka kwanza iskaniwe iingie kwenye sistimu, ndo utaratibu mpya.

Nkamuuliza nauli ya Lamu ni ngapi.