Wewe si Umesomea Kompyuta? Niangalizie Mara Moja

Nina neno na watu wa Tanga. Wengine ni ndugu zangu wa damu, kwa hiyo natanguliza samahani, halafu nalisema bila kulizungusha: kazi ya simu na kompyuta ni kazi, na anayeifanya analipa kodi ya nyumba kama mtu mwingine yeyote.

Limenitoka sasa hivi kwa sababu likizo imekaribia. Huku Kiel, kaskazini kabisa mwa Ujerumani, chuo kinasimama kama wiki mbili za Krismasi na mwaka mpya, kisha tunarudi kumalizia muhula na kukimbizana na mitihani ya Februari. Safari hii nimepata tiketi ya bei ya kuvumilika, basi narudi nyumbani. Mama alitoa habari hiyo kwenye kundi la familia jioni, na kabla sijalala nilikuwa na foleni. Mjomba simu yake imejaa. Jirani wa Mikanjuni laptopu yake imegoma, inaonesha rangi ya bluu na maandishi ya Kiingereza. Mwenye duka la vifaa vya ujenzi anataka "kiprogramu kidogo tu" cha kuhesabia mali. Mwenye nyumba ya wageni kule Raskazone anataka tovuti. Na shangazi, Mungu ampe umri mrefu, anataka nimwangalizie kwa nini bando lake haliishi hata siku mbili. Hakuna hata mmoja aliyeuliza ni shilingi ngapi. Wengi walimalizia kwa maneno yale yale: wewe si ndiyo mambo yako hayo, dakika tano tu.

Huku dakika tano zinaandikwa. Nafanya kazi ya muda kwenye dawati la msaada wa kompyuta hapo chuoni. Tangu Machi 2024 sheria inamruhusu mwanafunzi wa kigeni kufanya kazi siku nzima 140 kwa mwaka, au nusu siku 280. Profesa akikwama na projekta anatupigia. Naenda, nachomeka waya vizuri, nabonyeza vitufe viwili, picha inatokea ukutani. Yeye anasema asante, mie narudi dawatini najaza fomu ya saa. Mwisho wa mwezi saa zile zinakuwa pesa: kima cha chini cha mshahara kwa mwaka 2025 kilikuwa euro 12.82 kwa saa, na Januari 2026 kilipangiwa kupanda hadi 13.90. Kwa fedha yetu ni zaidi ya shilingi elfu thelathini. Sijasikia hata siku moja profesa akisema kuchomeka waya ni jambo dogo. Na ni dogo kweli! Lakini yeye lilimshinda, na ukumbi mzima wa wanafunzi ulikuwa umekaa ukimtazama.

Najua kuna mtu ameshachukua kikokotoo hapo. Kirudishe mfukoni. Mwanafunzi anayekuja kwa gharama zake hapewi viza mpaka aoneshe euro 11,904 kwenye akaunti iliyofungwa, na akishafika anaruhusiwa kuchukua 992 kwa mwezi. Chumba peke yake kinaweza kula karibu nusu. Bado bima ya afya, ambayo si hiari. Bado koti la baridi, maana Desemba jua la hapa linazama kabla ya saa kumi jioni, ukitoka darasani ni usiku na upepo wa bahari unakupiga usoni. Kwa hiyo wanaoagiza simu za iPhone "za huko huko" waendelee kuswali.

Simu ya mjomba naijua, tulishakutana. Likizo iliyopita niliikuta imejaa mpaka haipokei meseji: maua ya waridi ya "asubuhi njema" kwa mamia, video moja ya mawaidha aliyotumiwa na watu watatu tofauti, na matangazo ya viwanja. Nikasema kabla sijafuta kitu nihamishie kwanza picha za harusi za binti zake kwenye akaunti yake ya Google. Simu ikauliza pasiwedi. Mjomba akasema yeye hajawahi kuwa na pasiwedi. Alikuwa nayo, ila anayeijua ni kijana aliyemuuzia simu, ambaye alimfungulia akaunti pale pale dukani kwa jina alilolitunga mwenyewe na namba ya simu ya kwake. Duka lilishahama. Ningeifuta simu nzima ianze upya, ingeweza kujifunga na kudai pasiwedi ile ile. Basi nikakaa mkekani tangu baada ya adhuhuri mpaka adhana ya magharibi, natoa picha kwa waya, naziingiza kwenye laptopu yangu, nazipanga harusi kwa harusi. Waliopita barazani walinisalimia, wakaona kijana amekaa tu, wakaenda kuleta simu zao.

Kwa mjomba sidai kitu, na hapa nataka nieleweke. Ile akaunti iliyofungwa ilijazwa na ukoo. Yeye aliuza ng'ombe. Mtu aliyeuza ng'ombe wake ili wewe upate viza ana haki ya kufutiwa maua ya waridi mpaka mwisho wa maisha yake. Ndivyo tunavyolipana, na hakuna fomu ya saa inayoweza kuandika hesabu ya namna hiyo. Wanaokuja na hadithi kwamba Waafrika hatujui thamani ya muda hawajawahi kukaa kwenye kikao cha harusi cha Tanga wakaona daftari la michango linavyosomwa.

Shida yangu ni wale ambao hawakuuza ng'ombe.

Nina mdogo wangu, mtoto wa shangazi, sote tunamwita Dogo. Amesoma kompyuta chuo cha ufundi, amefaulu, ana mkono mwepesi kuliko mie. Mie nimebahatika kuondoka, yeye amebaki, na anayeumizwa na "mara moja tu" ni yeye, si mimi ninayekuja kutembea na kuondoka. Mwaka huu alikaa wiki nzima kwenye duka moja la jumla, akawatengenezea jedwali la kuhesabia mali, akaliunganisha na mashine ya risiti, akamfundisha karani. Alilipwa soda mbili na nauli ya bajaji. Mwenye duka si mtu mbaya. Anatoa zaka na anawalipa wapagazi wake kila jioni bila kuchelewesha. Mpagazi amebeba gunia, ameonekana akitoka jasho. Dogo alikuwa amekaa kwenye kiti chini ya feni anabofya. Sasa unamlipaje mtu aliyekaa chini ya feni?

Nenda steshenari yoyote ya Ngamiani uone jambo hilo hilo. Mtu anakuja kujaza fomu ya mkopo wa chuo au maombi ya ajira mtandaoni. Kijana anahangaika naye: cheti kimekataa kupanda kwa sababu faili ni kubwa, jina la cheti cha kuzaliwa halifanani na la kitambulisho cha taifa cha NIDA, intaneti inakatika. Mwisho anachapa kurasa nne. Mteja anauliza ukurasa mmoja bei gani, anazidisha kwa nne, anatoa hiyo. Anaona amelipa. Kwa fundi simu vilevile: bei ya kioo inapokelewa bila neno, ikifika ya ufundi ndipo mabishano yanapoanza.

Mtu pekee ninayemwona amesalimika ni wakala wa pesa. Shangazi mwingine ni wakala, ana kibanda karibu na stendi ya zamani, na hata ndugu zake hawamwombi atume pesa bure, kwa sababu hawawezi. Kamisheni yake inalipwa na mtandao wenyewe, haipiti kwenye aibu ya mtu yeyote. Na kwa pesa za simu, jamani, sisi si wa kufundishwa na mtu. M-Pesa iliingia Tanzania mwaka 2008. Huku ndiyo kwanza Oktoba 2025 benki za nchi zinazotumia euro zimelazimishwa kumwezesha kila mteja kutuma pesa ikafika ndani ya sekunde kumi, bila kumtoza zaidi ya uhamisho wa kawaida. Kabla ya hapo, kwa uhamisho wa kawaida, ukituma Ijumaa jioni ulikuwa unasubiri Jumatatu. Nilipofungua akaunti yangu, namba ya siri ililetwa na tarishi, kwa bahasha. Nilimsimulia shangazi wa kibandani akadhani namtania.

Tena kuna jambo la mafundi. Mwaka 2024 Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria ya kuwalazimisha watengenezaji wa baadhi ya bidhaa, simu zikiwemo, wakubali kuzitengeneza hata muda wa dhamana ukishapita, na nchi wanachama zilipewa hadi Julai 2026 kuanza kuitumia. Nia njema. Lakini ninapoisoma nauona mkono wa fundi wangu wa Ngamiani, anavyopuliza hewa ya moto pembeni mwa kioo, anapenyeza kadi laini ya plastiki, anakibandua polepole bila kuigusa ile nyaya nyembamba ya chini, anapangusa gundi kwa spiriti, huku anazungumza na wateja watatu. Pembeni ana boksi la simu zilizokufa ambazo bado zina viungo vizima. Hapa Kiel fundi wa namna hiyo nimemtafuta sana. Nilichopata ni bei inayokushawishi ununue mpya.

Watu wa hapa wana kitu kimoja nilichokipenda, hata hivyo. Mara moja kwa mwezi wazee fulani, wengi wao wastaafu, wanafungua ukumbi wa mtaa wanatengeneza vitu vya watu bure: redio, pasi, hata laptopu. Unachukua namba, unakaa, unaletewa kahawa, na mlangoni kuna chupa ya kutia chochote ulichojaliwa. Hata bure yao ina ratiba na mwisho wa saa. Ila ukitoka hapo, kila mtu na mlango wake. Jirani yangu wa chini alikaa wiki kadhaa bila Wi-Fi kwa sababu aliona si adabu kunigongea. Mie niliyezoea kugongewa hodi nikiwa nanawa uso, nilisikitika. Jumamosi nikizidiwa na ukimya napanda basi kwenda Eckernförde, kama kilomita thelathini, mji wenye udugu rasmi na Tanga. Wanauza visamaki vidogo vilivyokaushwa kwa moshi, wanaliwa na kichwa chake. Jina lake la biashara ni Kieler Sprotten ila watu wa Eckernförde watakuapia kwamba ni wao. Mbele ya dagaa wetu wa kukaangwa kwa pilipili hawafui dafu, lakini kwa ugenini unashukuru.

Mizigo yangu mwaka huu imejaa kompyuta za watu waliozichoka. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft waliacha kuihudumia Windows 10, mfumo unaoendesha kompyuta nyingi, na mrithi wake Windows 11 anakataa mashine nyingi za zamani kwa kuwa hazina kile kichipu cha usalama cha TPM 2.0. Kwa Ulaya watumiaji wa nyumbani waliongezewa mwaka mmoja wa masasisho ya bure, lakini ofisi hazikupewa bure hiyo, na nyingi hazikusubiri. Laptopu yenye kibodi safi, skrini haina hata mkwaruzo, inawekwa kando isubiri gari la taka. Nimeomba kadiri ninavyoweza kubeba na kuzitangaza forodhani, nimefuta diski zote, nimeweka Linux Mint, mfumo wa bure wa kuendesha kompyuta, na LibreOffice, programu za bure za kuandikia na kupigia hesabu. Usiku baada ya kazi za darasani hiyo ndiyo raha yangu: kuona mashine iliyohukumiwa inawaka kwa sekunde chache. Kwa steshenari inayochapa barua na kujaza fomu, hiyo inatosha na kubaki. Zote ni za Dogo. Amepata chumba kidogo cha mbele cha kupanga, anataka kuanza kazi kwa jina lake, na nimemwambia sharti langu ni moja: abandike bei ukutani kabla hajabandika kalenda.

Mama ameshatangaza utaratibu kwenye kundi, kwa lugha laini kuliko yangu. Wazee wa ukoo nitawahudumia barazani baada ya laasiri, bila malipo, waje na chaja zao. Kioo kilichovunjika kiende kwa fundi. Laptopu, tovuti na hesabu za maduka ni kwa Dogo, na siku nikimsaidia ananilipa yeye, kidogo lakini kwa maandishi. Orodha ya bei tumeiandika pamoja kwa simu jana usiku na karibu tuimalize, tumekwama tu kwenye walimu. Dogo anataka wapewe nusu bei kwa heshima ya chaki. Mie nasema mwalimu ana mshahara, tena wa uhakika kuliko wake.