Nani kakata muunganisho?

Hakuna ujumbe unaonikera kama ule wa "muunganisho umekatwa na upande wa pili". Upande wa pili upi? Msimamizi wa seva anaapa hajakata kitu, mwenye programu ya mteja naye anaapa vilevile, na mara nyingi wote wawili wanasema kweli. Aliyetuma RST, yaani pakiti (kipande cha data) ya kukata muunganisho papo hapo, ni fayawoli (kichujio cha usalama wa mtandao) au kifaa cha NAT (kinachobadilisha anwani za pakiti zinazopita) kilichokaa katikati: kimeona ukimya wa dakika chache, kikaufuta muunganisho kwenye jedwali lake bila kumwambia mtu. Pakiti inayofuata ikifika, kinajibu RST yenye anwani ya seva kama mtumaji, kana kwamba seva ndiyo iliyokata.

Huo ni uhuni. RFC 5382, waraka wa kanuni za intaneti wa mwaka 2008, inaitaka NAT isiufute muunganisho wa TCP (itifaki inayosimamia miunganisho hii) uliokwisha kufunguka kabla ukimya haujafika saa 2 na dakika 4. Sababu ipo: TCP ikiwekwa ipime uhai wa muunganisho, kwa kawaida husubiri saa 2 nzima ndipo itume pakiti ya kwanza. Vifaa vingi havijali, na lawama zote zinaishia kwa seva.

Jamani, kabla hamjaiwasha upya seva kwa mara nyingine, naseni pakiti pande zote mbili kwa wakati mmoja. Mteja kapokea RST ambayo seva haikuituma? Basi seva haina kosa. Tazameni na TTL, namba inayopungua kwa moja kila pakiti inapopita ruta: pakiti za kawaida zikifika na 52 na RST ikafika na 61, kuna uwezekano mkubwa imetoka karibu zaidi. Punguzeni muda wa kupima uhai uwe chini ya ule wa kifaa, na wanaokisimamia wauandike mahali unapoonekana.